Kombe Lililofunikwa Tehran

Msikilizaji, ikitajwa Ulaya ya Mashariki kuangukia mikononi mwa Stalin, lawama zote hutupiwa mkutano wa Yalta, Februari 1945. Mimi naona lawama hizo zimechelewa zaidi ya mwaka mzima. Mipaka ya Poland ilichorwa Tehran mwishoni mwa 1943, walipokutana Churchill, Roosevelt na Stalin, na Mpolandi hata mmoja hakuwepo.

Churchill alichukua njiti tatu za kiberiti, akazisogeza mezani upande wa magharibi, kumwonyesha Stalin jinsi Poland itakavyohama: imwachie Mrusi mashariki, ifidiwe kwa ardhi ya Mjerumani. Roosevelt naye alimwambia Stalin faraghani kwamba anakubali, ila jina lake lisitajwe. Uchaguzi wa 1944 ulikuwa unakuja, na kwa hesabu yake Marekani ilikuwa na watu milioni sita au saba wenye asili ya Poland, ambao hakutaka kupoteza kura zao. Funika kombe, mwanaharamu apite. Mwanaharamu mwenyewe, ndugu msikilizaji, alikuwa mpiga kura!

Kombe lilifunuliwa Moscow, Oktoba 1944. Churchill alikuwa ameshampitishia Stalin kile kikaratasi chake mashuhuri cha kugawana ushawishi, Romania asilimia 90 kwa Mrusi, Ugiriki asilimia 90 kwa Mwingereza, na Stalin akatia alama kwa penseli ya buluu. Poland haikuandikwa humo. Siku chache baadaye akaitwa Stanisław Mikołajczyk, waziri mkuu wa serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London. Alipokataa kuiachia mikoa ya mashariki, Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Stalin, akamkata kauli: jambo hili lilikwisha Tehran, na Roosevelt aliridhia. Mikołajczyk akamtazama Churchill, akamtazama Harriman, balozi wa Marekani, akingoja mmoja wao akanushe. Hakukanusha mtu. Kesho yake Churchill akamfokea kwa ukaidi wake.

Tuwe waadilifu. Jeshi Jekundu lilikuwa limeshaingia Poland, na London haikuwa na uwezo wa kulitoa. Sina ugomvi na Churchill kwa kushindwa. Ugomvi wangu ni kwamba waliokuwa wakifia ushirika wa vita dhidi ya Mjerumani walifichwa bei yake. Mei 1944 askari wa Jenerali Anders, Wapolandi waliopigana chini ya amri ya Waingereza, walitwaa Monte Cassino kule Italia. Wengi wao walitoka mikoa ileile iliyokuwa imeshatolewa miezi sita nyuma.

Ya Yalta yenyewe ni mafupi: tamko zuri kuhusu uchaguzi huru, lenye maneno ya kunyumbulika kiasi kwamba Admirali Leahy, msaidizi wa Roosevelt, alimwonya bosi wake pale pale.

Jamaa za askari wa Anders tulikuwa nao hapa kwetu. Kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliofukuzwa makwao na Wasovieti, wakafika Afrika kupitia Uajemi. Julai 1945 Uingereza na Marekani ziliitambua serikali mpya ya Warsaw, iliyoungwa mkono na Stalin, na kuitupa ile ya London. Kwa watu wa Tengeru, kurudi kijijini sasa kulimaanisha kuingia nchi ileile iliyowapeleka Siberia. Wengi walikataa. Vita vilikuwa vimekwisha, wao walikuwa bado chini ya Mlima Meru, wakingoja Uingereza, Kanada au Australia iwape nafasi.