Rumonge na Amani ya Msafiri

Itajwapo safari ya kitalii katika Afrika Mashariki, fikra za wengi huelekea Serengeti, Mombasa na Unguja. Huko magari hufuatana kama siafu, na simba mmoja aliyelala huzungukwa na msururu wa wapiga picha. Lakini upo mwambao ambao umati huo haujaufikia, nao ni mwambao wa Burundi katika Ziwa Tanganyika.

Mgeni atokaye Bujumbura kwenda kusini huwa na ziwa kuliani na milima kushotoni. Baada ya kilometa zipatazo 12 hulikuta jiwe la Mugere lenye majina ya Livingstone na Stanley. Wako wasemao kuwa hapo ndipo walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji mwaka 1871, na Novemba hiyohiyo wakapanda mtumbwi kulichunguza ziwa upande wa kaskazini, ndipo wakalala Mugere. Mbele zaidi, kiasi cha kilometa 70 hivi kutoka Bujumbura, ndipo ulipo Rumonge, mji wa michikichi na mawese, ambako Kiswahili husikika sokoni na msikitini. Wavuvi huvua usiku kwa taa, na alfajiri hurejea na ndagaa na mikeke. Kusini ya mji uko msitu mdogo wa Kigwena. Ziwa lenyewe lina kina cha zaidi ya meta 1,400, la pili duniani baada ya Baikal, na wengi wa samaki wake hawapatikani kwingine kokote.

Kwa nini basi wageni ni wachache? Mandhari haina lawama. Jibu limo katika historia. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na raia wengi wakauawa na waasi. Kisha vyombo vya dola vikalipiza kisasi nchini kote, na makumi ya maelfu ya watu, hasa Wahutu, wakapoteza maisha. Maelfu wengine walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ikafuata vita ya mwaka 1993, na machafuko ya mwaka 2015. Katika mwambao huo wako wazee ambao wakiona sare, hukumbuka kwanza walichokiona utotoni.

Hapo ndipo jambo hili linapowahusu wanajeshi na polisi. Penye umati, mgeni ana kiongozi wake, hoteli yake na mashahidi hamsini. Pasipo na umati, dola anayoiona ni askari mmoja aliyesimama kwenye kizuizi cha barabara. Askari huyo akitoa salamu, akakagua hati kwa haraka, akaonya juu ya upepo wa ziwa, viboko na mamba, na kuuliza kama mtumbwi una maboya ya kuokolea, nchi nzima imesifika. Akinyoosha kiganja, nchi nzima imeaibika, na habari hiyo itasafiri mbali kuliko picha yoyote ya machweo.

Lakini heshima isiwe ya mgeni peke yake. Mama mwenye kapu la ndagaa na kijana mwenye madumu ya mawese hupita kizuizi hichohicho kila siku. Kizuizi kinachomchekea mtalii na kumkamua mchuuzi hakijengi utalii. Kinaficha uonevu nyuma ya tabasamu. Zaidi ya hayo, mgeni ana macho, naye huona jinsi mwenyeji anavyotendewa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Rumonge hatapona kwa kuletewa wageni wengi tu. Atapona siku atakapoiona sare barabarani na moyo wake usishtuke. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na wizara ya utalii. Imo mikononi mwa askari aliye zamu.