HOTUBA YA MWENYEKITI: TULINDE DUKA ILI TULINDE KIKUNDI

   

Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha miaka kumi. Mwaka 2015 tulianza tukiwa kina mama 14, hisa moja shilingi 2,000, sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Leo tupo 28. Sanduku lipo, na kufuli zake zipo. Watoto wamesomeshwa, mabati yamepauliwa, na misiba tumezikana. Hayo ya kujisifu yameandikwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, kila mtu atayasoma nyumbani kwa nafasi yake.

Sisi tumepewa nafasi hii tuseme jambo moja tu, nalo ni duka.

Ndugu zanguni, katika 28 sisi, 17 tunakula kwa duka. Wengine wa Kihonda, wengine Mafiga, wengine Mji Mpya. Mwenye duka la nondo yumo, mwenye genge yumo, mwenye kibanda cha vocha na sabuni yumo. Mkopo mkubwa wa kikundi unaingia dukani, na rejesho linatoka dukani. Duka likiugua, sanduku linaugua. Mwaka jana wenzetu watano walichelewesha marejesho, wote watano wenye maduka. Mmoja akauza friji. Mmoja amefunga kabisa. Ndiyo maana wapo wanaosema kikundi kisikopeshe tena kwa ajili ya duka, na wiki ijayo tutapiga kura juu ya jambo hilo. Basi kabla ya kura tuelezane vizuri duka linaliwa na nini.

La kwanza ni kupanda kwa bei. Hili sote tumelionja. Mwaka 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000, mpaka Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni kupunguza makali. Mafuta ya kula nayo yakapanda mno. Mwanzoni mwa 2024 ikaja zamu ya sukari, maana mvua za El Nino zilizuia uvunaji wa miwa viwandani. Sisi watu wa Morogoro tuna Kilombero na Mtibwa mkoani kwetu, lakini sukari tuliitafuta kwa tochi kama watu wengine. Tena Mei 2023 na Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa ajili ya malalamiko ya kodi, huku kwetu mzigo ulichelewa, na aliyekuwa na akiba stoo ndiye aliyeuza.

Hayo hatukuyaleta sisi na hatuwezi kuyazuia. Lakini yapo tunayoyaweza. Sikilizeni hesabu hii. Una mtaji wa shilingi 300,000. Dumu la mafuta la lita 20 ni shilingi 75,000, unanunua manne. Unauza kila dumu 80,000, unapata 320,000. Unafurahi, umepata faida 20,000. Unarudi kwa muuzaji wa jumla, anakwambia dumu sasa ni 100,000. Unanunua matatu, unabaki na 20,000 mkononi. Kwa pesa umepata faida, kwa mali umepoteza dumu zima! Ukila ile 20,000, wewe umekula mtaji. Kwa hiyo bei ya kuuzia ipangwe kwa kuangalia utanunua tena kwa shilingi ngapi, usiangalie ulinunua kwa shilingi ngapi. Mteja atalalamika, mweleze kwa upole. Akikuta duka limefungwa atalalamika zaidi.

La pili ni wizi. Hapa ndipo penye maneno.

Watu wengi wakisikia wizi wa dukani wanafikiri usiku, mlango umevunjwa, watu na mapanga. Huo upo, tunaujua. Lakini unaomaliza duka ni ule wa kidogo kidogo wa mchana kweupe. Hebu tuhesabu tena. Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 25 umenunua 65,000, mkokoteni 1,000, jumla 66,000. Unauza kilo 2,800, mfuko mzima unakupa 70,000. Faida ni 4,000. Ikiibwa kilo moja na nusu tu, unabaki na kilo 23 na nusu, unapata 65,800. Maana yake umesimama dukani, umepima robo robo mpaka mkono umekufa ganzi, na mwisho umepata hasara ya shilingi 200. Aliyefaidi ni mwizi wa kilo moja na nusu. Zamani faida ikiwa nene, wizi mdogo ulikuwa haujulikani. Siku hizi bei imepanda na faida imekonda, kwa hiyo ule wizi mdogo ndio unaomaliza duka.

Sasa nani anaiba? Tuwaambie habari ya mwenzetu mmoja, naye ameturuhusu tuiseme bila kumtaja jina. Marejesho yake yalisuasua miezi minne mfululizo. Yeye alikuwa na hakika kwamba ni msichana wake wa dukani, na alitaka kumpeleka polisi. Kamati ikamwambia, mama, subiri kwanza. Tuhesabu. Tulichagua vitu vitatu tu: sukari, sabuni na mafuta. Tukahesabu vilivyopo, tukaandika kila kinachoingia na kila kinachouzwa, na baada ya wiki mbili tukahesabu tena.

Pesa za yule msichana zilikuwa sawasawa, shilingi kwa shilingi. Kilichopotea kilikuwa kwingine. Dumu la mafuta la lita 20 lilipopimwa likatoa lita 18 na nusu. Sabuni zilizopangwa mlangoni zilipungua saa za jioni, wakati watu wanajazana, mmoja anauliza bei, mwingine anachukua. Na kubwa kuliko yote, nyumbani. Asubuhi nusu kilo ya sukari ya chai, mayai mawili ya watoto, kipande cha sabuni cha kufulia. Hakuna aliyeandika, maana duka ni letu! Tulipopiga bei, ilikuwa shilingi 3,000 kwa siku. Kwa mwezi ni 90,000. Rejesho lake lilikuwa 85,000. Jamani, rejesho lote lilikuwa linanywewa chai.

Yule msichana bado yupo dukani mpaka leo. Angepelekwa polisi, angeharibiwa jina lake bure, na duka lingeendelea kuvuja.

Hatusemi wafanyakazi hawaibi. Wapo wanaoiba, na wengine tumewakamata. Tunachosema ni kwamba bila hesabu huwezi kujua mwizi ni nani, utabaki kumshuku mnyonge kuliko wote.

Basi haya ndiyo tuliyokubaliana katika kamati, na tunawaomba wenye maduka wote wayafuate.

Moja, kila Jumapili jioni hesabu vitu vitano vinavyotoka sana. Chukua vilivyokuwepo, ongeza ulivyonunua, toa ulivyouza. Jibu lazima lifanane na vilivyopo rafuni. Sisi wengi ni wa darasa la saba, na hesabu hii ni ya darasa la pili.

Mbili, kinachokwenda nyumbani kiandikwe kama deni, hata chumvi. Mwisho wa mwezi baba au mama alipe. Waume zetu mliopo hapa, na nyie mnahusika! Vocha na soda ni mali ya duka.

Tatu, mzigo upimwe mbele ya aliyeuleta, kabla hajaondoka. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Nne, vitu vidogo vya bei kubwa, kama betri, maziwa ya kopo na mafuta ya kujipaka, vikae nyuma ya kaunta. Mlangoni weka ndoo na mifagio.

Tano, mteja akilipa kwa simu, angalia salio lako. Usitazame ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake, wala usiamini ujumbe ulioingia kwako mpaka salio limeongezeka. Ujumbe wa uongo umewaliza wengi.

Sita, tununue pamoja. Wenzetu sita wa Mafiga wanaagiza mzigo mmoja, mtu mmoja anakwenda Dar es Salaam, gari moja linaleta, gharama wanagawana. Badala ya nauli sita wanalipa moja.

Saba, daftari la madeni liwe na kikomo. Anayekopa halipi hana tofauti kubwa na anayebeba akakimbia, ila yeye anakusalimia kila asubuhi.

Ndugu zanguni, lipo jambo lingine zito. Mwizi akikamatwa asipigwe. Tumeona mitaani watu wakiitwa kwa kelele za mwizi, na dakika kumi baadaye mtu amelala chini hasogei. Kwa sabuni ya shilingi 800! Kuiba ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu, na kumpiga mtu mpaka afe ni kosa la jinai kubwa zaidi. Akiwa mtu mzima, aitwe mjumbe, apelekwe polisi. Akiwa mtoto, aitwe mzazi wake. Mara nyingi ukimfuatilia mtoto aliyeiba biskuti unakuta nyumbani hawajala tangu jana. Sisi ni mama, hatuwezi kulinda duka kwa damu ya mtoto wa mwenzetu.

Mgeni rasmi, kwako tuna maombi mawili. Taa ya barabarani pale penye maduka yetu imekufa siku nyingi, na giza ndilo linalowapa wezi nafasi. Na polisi jamii wapite jioni, saa moja hadi saa tatu, maana ndiyo saa ya kuuza na ndiyo saa ya kuibiwa.

Tunamalizia na ile kura. Uongozi unasema wazi: tusiache kukopesha maduka. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri iliposimamishwa mwaka 2023 hadi iliporudi 2024, nani alituinua? Ni sanduku hili. Tukiwafungia wenye maduka, watakwenda kwa wakopeshaji wa riba ya kila siku, na huko watanyang'anywa hata makochi. Tukopeshe, ila kwa sharti: anayeomba mkopo wa duka alete daftari lake la hesabu ya miezi mitatu. Asiyekuwa nalo, mwenzake amfundishe kwanza. Na yule mwenzetu aliyefunga, tunapendekeza apewe muda wa kulipa na mkopo mdogo wa kuanza upya, na kamati ihesabu pamoja naye kila Jumapili kwa miezi sita.

Haba na haba hujaza kibaba. Sisi kwa miaka kumi tumejaza. Lakini kibaba chenye tundu, haba na haba hukimaliza vilevile. Kazi ya mwaka wa kumi na moja ni kuziba tundu.

 Chakula kipo tayari, karibuni. Na kimeandikwa kwenye daftari.