Saa ya Kutunga Haiji Yenyewe

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani katika ukumbi wa shule, na yanachapishwa hapa kwa ombi la Kamati.)



Kwanza natoa shukrani kwa heshima niliyopewa. Barua ya Kamati ilinitaka nieleze jinsi mtu mwenye kazi nyingi, hasa mwalimu, anavyoweza kupata wakati wa kutunga muziki. Mimi si mwanamuziki wa kutajwa. Nilifundisha sekondari hapa Dar es Salaam kwa miaka tisa kabla ya kuhamishiwa ofisini, na tangu nilipotoka chuo kikuu nimekuwa nikitunga nyimbo za kwaya. Zinazoimbwa na watu hazizidi kumi na tano. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu nimejikwaa mara nyingi katika njia hii, na aliyejikwaa huweza kuwaonyesha wenzake jiwe lilipo.

Wale wa rika langu mnamkumbuka mwalimu wetu wa hesabu aliyekuwa pia mlezi wa kwaya. Vipindi vyake vilikaribia 30 kwa juma, na madaftari ya kusahihisha yalijaa mezani hata chai akainywa amesimama. Hata hivyo kila muhula tulipata wimbo mpya. Aliuandika ubaoni kwa nota za sol-fa, sauti zote nne, nasi kila mmoja akanakili sehemu yake tu. Wa sauti ya kwanza alinakili ya kwanza, wa sauti ya nne akanakili ya nne. Wimbo ukishatukaa kichwani, ubao ulifutwa kwa ajili ya hesabu za kesho.

Nilipokuwa kidato cha tatu alinipa daftari lake kubwa, lenye nyimbo zake zote, akaniomba nimtengenezee nakala ya pili. Nikamwambia nitaifanya likizo. Likizo ikaja, ikaenda. Nikamrudishia daftari bila kunakili hata ukurasa mmoja. Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, utakapopata nafasi."

Alipofariki, baadhi yenu mlikuwapo mazikoni. Tulitaka kumwimbia wimbo wake mwenyewe, ule wa mahafali. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika ubeti wa pili sauti ya tatu haikusikika, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kuiimba. Ubeti wa tatu tukabaki tunatazamana. Daftari lilitafutwa nyumbani kwake, lisionekane. Nami nilisimama pale nikijua kwamba nakala ya pili ingekuwapo kama ningetumia saa mbili tatu za likizo moja.

Ndugu zangu, jambo hili si la shule yetu peke yake. Ninyi vijana kila mnaposimama mstarini huimba Wimbo wa Taifa. Je, ni wangapi wanaojua kwamba mahadhi yake yalitungwa na mwalimu wa shule? Enoch Sontonga alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1873, akasomea ualimu, akafundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Alikuwa pia mwongoza kwaya na mpiga picha. Mwaka 1897, katikati ya shughuli hizo, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Wimbo uliimbwa hadharani mwaka 1899. Mwenyewe alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano wa kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, na mwaka 1923 Sol Plaatje akaurekodi London. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 ikayachukua mahadhi hayo na kuyatilia maneno ya Kiswahili.

Sontonga naye alikuwa na daftari. Nyimbo zake aliziandika humo, na waongoza kwaya wengine wakawa wanaliazima. Baadaye daftari likapotea. Wimbo mmoja ulipona kwa sababu ulikwisha kuingia vinywani mwa watu, na baadaye katika kitabu na santuri. Kwa hiyo mtu akiniuliza jinsi ya kupata wakati wa kutunga, siwezi kumjibu bila kumwuliza swali la pili: ukishatunga, umeandika wapi, na nakala iko kwa nani?

Sasa nirudi kwenye wakati wenyewe. Nilipoanza kazi nilipanga chumba Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Nilikuwa na mikondo minne, kila mmoja wanafunzi zaidi ya 60. Anayefahamu Kariakoo anajua kwamba huko hakuna kimya. Jina lenyewe limetokana na kambi ya Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo ni mahali pa mizigo. Usiku malori hushusha, mchana maduka hufungulia redio, na mikokoteni hupita ikiomba njia kwa sauti. Mimi nikaona kwamba mtu hawezi kutunga katika hali ile. Nikajiahidi kutunga likizo ya Desemba, nitakapokuwa nyumbani kwetu na nimetulia. Desemba ya kwanza kulikuwa na harusi mbili na nyumba ya wazee ya kuezeka. Desemba ya pili nilikwenda kusahihisha mitihani. Miaka miwili ikapita nikiwa na ubeti mmoja.

Ndipo siku moja nikachukua karatasi, nikaigawa kama ratiba ya vipindi, nikaandika kwa ukweli jinsi nilivyotumia saa za juma zima. Niliona aibu. Kwenye benchi la kahawa peke yake nilikuwa nimeketi saa tisa nikibishana habari za Simba na Yanga. Niliona pia kwamba kati ya adhana ya alfajiri na kufunguliwa kwa maduka palikuwa na dakika kama 40 ambazo hakuna mtu aliyezidai. Malori yalikuwa yamekwisha shusha na mikokoteni haijaanza kupita. Nilimsikia muuza kahawa peke yake, akipita na kugonga vikombe vyake. Mgongo huo wa vikombe ndio uliokuja kuwa mapigo ya wimbo wangu wa kwanza uliokamilika.

Nikajiwekea dakika 30 alfajiri, siku nne kwa juma. Ni saa mbili tu kwa juma, lakini baada ya majuma sita ni saa 12, na saa hizo zilinitosha kumaliza wimbo wa beti tatu kwa sauti nne. Sikugusa wakati wa kusahihisha. Benchi la kahawa sikuliacha, nililipunguza. Maneno niliyatengeneza kichwani nikiwa kituoni nasubiri basi, na alfajiri ikabaki kuwa ya kuandika.

Wapo waliotutangulia katika jambo hili, na mfano wao unafundisha. Gustav Holst wa Uingereza alifundisha muziki katika shule ya wasichana ya St Paul's, London, tangu mwaka 1905 hadi alipofariki mwaka 1934. Kazi yake kubwa, The Planets, aliitunga kati ya 1914 na 1916, zaidi katika siku za mwisho wa juma na likizo. Miaka miwili ni mirefu kwa kazi moja, lakini ilikamilika. Alexander Borodin wa Urusi alikuwa profesa wa kemia. Opera yake, Prince Igor, aliianza mwaka 1869. Wanafunzi, maabara na wageni havikumpa nafasi, hata ikasemwa kwamba alitunga alipougua tu, kwa kuwa ndipo aliposhindwa kwenda kazini. Alifariki mwaka 1887 kabla ya kuimaliza. Rimsky-Korsakov na Glazunov, rafiki zake, ndio walioikamilisha kutokana na yale aliyoyaacha na waliyoyafahamu.

Hata hapa mjini kwetu desturi hii si ngeni. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na siku zile muziki ulikuwa shughuli ya jioni ya watu wenye kazi zao za mchana. Hali kadhalika vyama vya taarab vya Egyptian na Al-Watan vilikusanya watu waliokuja mazoezini wakitoka kwenye shughuli zao. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, wanamuziki wake wakiajiriwa na chama cha wafanyakazi, hilo lilikuwa jambo jipya. Kabla ya hapo aliyetaka kutunga alitunga baada ya kazi, kama mimi na wewe.

Kwa vijana nina mashauri machache.

La kwanza, usiibe wakati wa mwajiri. Mwalimu anayetunga wimbo darasani huku wanafunzi wakinakili kitabu amewaibia watoto wa watu, na wimbo huo hauna baraka.

La pili, usingoje kinanda. Sauti yako, kalamu na daftari la mistari vinatosha kuanzia. Kinanda kikija kitakusaidia kusahihisha.

La tatu, ahidi tarehe. Iambie kwaya kwamba watapata wimbo siku fulani. Watu 20 wanaokungoja watakuamsha kuliko saa ya kengele.

La nne, andika kwenye karatasi. Nilipopata simu nzuri nilianza kurekodi mahadhi kwa kuyavumisha, nikaacha kuandika. Siku moja simu ikachomolewa mfukoni katika msongamano wa sokoni, ikaenda na nyimbo tisa. Nilifikiri ningezikumbuka. Nimekumbuka mbili. Simu itumieni, lakini kila mwisho wa juma yahamishieni yaliyomo kwenye daftari, na nakala moja ikae kwa mtu mwingine.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa jambo lililonileta hasa. Deni langu kwa mwalimu wetu sikulilipa akiwa hai. Kwa mwaka mzima sasa, katika dakika zangu 30 za alfajiri, nimeacha kutunga nyimbo zangu na badala yake nimekuwa nikikusanya zake. Nimewapigia simu wengi wenu, mkaniimbia, wengine mkiwa ofisini kwa sauti ya chini. Tumeweza kuyataja majina ya nyimbo kumi na moja. Tatu zimekamilika, sauti zote nne na maneno yake. Tano zimekosa sauti moja au mbili. Tatu zilizobaki tuna mwanzo wake tu. Wimbo wa mahafali bado hauna sauti ya tatu katika ubeti wa pili, na ubeti wa tatu una mistari miwili.

Rafiki za Borodin waliikamilisha kazi yake kwa sababu walimfahamu. Mwalimu wetu nasi tulimfahamu. Kwa hiyo naomba wote mlioimba sauti ya tatu kati ya mwaka 1994 na 1997 msiondoke baada ya chakula. Tutakutana katika chumba kilekile cha mazoezi, na karatasi ninazo. Hata anayekumbuka mstari mmoja aje. Na ninyi wanakwaya wa sasa njoni na madaftari, mnakili sauti zote nne, si sehemu yenu tu.