Jeraha la Utumbo Mwembamba Kutokana na Pigo Butu la Tumbo: Utambuzi na Upasuaji

Tumbo likipigwa bila kutobolewa, utumbo mwembamba huweza kuumia kwa njia tatu. Hubanwa kati ya kitu kilichogonga na uti wa mgongo. Huchanika karibu na sehemu zilizoshikizwa, hasa mwanzo wa jejunamu na mwisho wa ileamu, mwili unaposimama ghafla. Au hupasuka pale kipande kilichozibwa pande zote mbili kinapojaa shinikizo. Majeruhi wa namna hii katika Afrika Mashariki hutoka zaidi barabarani: dereva wa bodaboda aliyegongwa na usukani, abiria wa basi, mtoto aliyeangukia usukani wa baiskeli.

Hatari kubwa ya jeraha hili ni ukimya wake wa mwanzo. Majimaji ya utumbo mwembamba hayana asidi kali, na sehemu ya juu ina bakteria wachache, hivyo tumbo huweza kubaki laini kwa saa kadhaa ilhali tundu lipo. Mgonjwa mlevi au mwenye jeraha la kichwa hawezi hata kueleza maumivu. Mchubuko wa mkanda wa gari juu ya tumbo, na zaidi ukiandamana na kuvunjika kwa pingili ya kiuno, utoshe kumfanya daktari ashuku utumbo.

Eksirei ya kifua ikionyesha hewa chini ya kiwambo, jibu limepatikana. Isipoionyesha, hakuna kilichokanushwa, kwani hewa hiyo hukosekana kwa wagonjwa wengi. Ultrasaundi huona majimaji, si tundu. Majimaji yakiwepo huku ini na bandama vikiwa vizima, utumbo na mesenteri ndivyo vya kushukiwa kwanza. CT-scan huongeza dalili nyingine, kama ukuta wa utumbo ulionenepa au mafuta ya mesenteri yaliyovurugika, lakini nayo hupitwa na baadhi ya majeraha. Pasipo na CT, kuosha tumbo kwa lita moja ya maji ya chumvi bado kuna thamani: nyongo au chembe za chakula katika maji yanayorudi ni sababu ya kufungua tumbo.

Hata hivyo, kipimo kinachopatikana katika kila hospitali ya wilaya ni mkono wa daktari. Mgonjwa apimwe tena kila baada ya saa chache, ikiwezekana na mtu yule yule, na mapigo ya moyo, joto na hali ya tumbo viandikwe kila mara. Kumnyima dawa ya maumivu kwa hofu ya kuficha dalili ni kumtesa bure. Kumruhusu aende nyumbani kwa sababu ya ultrasaundi moja safi ni kosa linaloua, kwani upasuaji ukicheleweshwa zaidi ya saa nane vifo na usaha tumboni huongezeka.

Kabla ya upasuaji hutolewa maji ya mishipa na antibiotiki, na huwekwa mpira wa puani na wa mkojo. Tumbo hufunguliwa katikati, damu ikazuiwa kwanza, kisha uvujaji. Utumbo hukaguliwa wote, pande zote mbili, pamoja na mesenteri; tundu moja likionekana lisimshibishe mpasuaji. Tundu lisilofikia nusu ya mzingo husafishwa kingo na kushonwa kwa mkingamo ili njia isibanwe. Matundu kadhaa yaliyokaribiana, utumbo uliokatika kabisa, au kipande kilichonyimwa damu na mesenteri iliyochanika, hukatwa na ncha kuunganishwa. Rangi, mjongeo na mapigo ya mishipa ndivyo vinavyoonyesha uhai wa kilichobaki.

Mgonjwa aliyepoa mwili, mwenye asidi nyingi katika damu na damu isiyoganda hastahimili kuunganishwa utumbo. Ncha hufungwa, tumbo hufunikwa kwa muda, naye hurudishwa mezani baada ya saa 24 hadi 48. Penye uchafu mwingi, tumbo huoshwa kwa maji ya chumvi ya vuguvugu na ngozi huachwa wazi. Homa, moyo kwenda mbio au tumbo kujaa katika siku zinazofuata huashiria mshono unaovuja au usaha, na huhitaji uchunguzi siku hiyo hiyo.