Kwa Nini Konda Humwacha Mwanafunzi Kituoni

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, wenzangu tuliosoma hapa, na ninyi wanafunzi mtokao Mbagala, Tandika, Tegeta na kwingineko,

Nimeombwa niseme machache juu ya usafiri wa jiji letu. Mimi ni mtumishi wa Serikali, lakini nitakayosema ni maoni yangu, si ya ofisi.

Shirika la UDA liliundwa mwaka 1974. Jiji likakua, mabasi yakapungua, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, yaani dala, na jina likabaki. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani, na wengi wao bado hutegemea daladala.

Sasa tazameni hesabu. Kwa kawaida dereva na konda hawana mshahara. Kila jioni humpelekea mwenye gari kiasi alichokitaja, hununua mafuta, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto wao. Mwanafunzi hulipa shilingi 200. Mtu mzima hulipa zaidi ya mara mbili ya hizo. Punguzo hilo ni la haki, lakini halilipwi na Serikali wala na mwenye gari. Hulipwa na konda. Ndiyo maana akiona sare zenu anapiga bati gari liondoke. Wapo wakorofi kweli (mimi mwenyewe nimewahi kusukumwa mlangoni na madaftari yangu), ila ukorofi peke yake hauelezi jambo linalotokea kila asubuhi katika kila kituo. Askari akisimama pale, mtapanda. Kesho yake hayupo.

Mambo mengine hurekebishwa kwa ujenzi. Vituo vya mwendokasi, huduma iliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, vilijengwa sakafu sawa na ya basi, mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa. Lakini hili la nauli halihitaji saruji. Gari lilipwe kwa safari lililotimiza, au pengo la nauli ya mwanafunzi lifidiwe. Mtauliza fedha zitatoka wapi. Gharama tayari inalipwa, ndugu zangu: anailipa mtoto wa kidato cha pili anayeingia darasani kipindi cha tatu.

Naomba basi chama chetu kinunue madaftari. Kwa mwezi mmoja kila mwanafunzi aandike saa aliyofika kituoni, magari yaliyompita, na saa aliyopanda. Mimi na wenzangu wawili tutayajumlisha na kuyapeleka LATRA.