Kupima Uelewa wa Fedha kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu: Tuanzie Kwenye Deni



Tafiti nyingi za uelewa wa fedha zinaegemea maswali matatu ya Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell, yaliyotumika Marekani mwaka 2004 kwa watu waliopita umri wa miaka 50. La kwanza linahusu riba ya akiba ya dola 100, la pili mfumuko wa bei, la tatu linauliza iwapo hisa za kampuni moja ni salama kuliko mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Ni maswali mafupi na mazuri. Lakini yalilenga watu waliokuwa wazee au wakiukaribia uzee, waliohitaji kuilinda akiba yao. Mwanafunzi wetu wa Dar es Salaam au Dodoma anaanza maisha na deni.

Anasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambao akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo huo, likichelewa, anakopa kwenye simu. Hapo ndipo uelewa wake unapojaribiwa kweli, na hapo madodoso yetu huwa kimya. Chukua mfano wa Kenya, ambako huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari imekuwa ikitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa ada hiyo pekee, anayekopa shilingi 20,000 hurudisha 21,500, na 1,500 haimtishi mtu. Akirudia kila mwezi mwaka mzima, atakuwa amelipa ada ya 18,000 kwa mkopo uleule wa 20,000. Swali la kumwuliza mwanafunzi ni hilo: kwa mwaka utalipa kiasi gani? Anayekokotoa vizuri riba ya akiba asiyonayo anaweza kabisa kulikosa.

Swali la tatu nalo tulihamishie nyumbani: tuulize kuhusu vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, ambavyo mwanafunzi anaweza kuvinunua.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni jibu la “sijui”. Wengi wetu tunalihesabu kuwa kosa. Utafiti wa Lusardi na wenzake nchini Uholanzi ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya pengo la uelewa wa fedha kati ya wanawake na wanaume ilitokana na kutojiamini; chaguo la “sijui” lilipoondolewa, wanawake wengi walijibu sahihi. Tukijumlisha “sijui” na makosa, tutaandika kwamba mabinti zetu hawajui, kumbe baadhi yao wanajua ila wanasita. Hiyo si haki kwao, na warsha tutakazowaandalia zitatibu ugonjwa ambao hawana. Naomba safu mbili katika kila jedwali: waliokosea, na waliosema hawajui.

Mwisho, tarehe. Maswali ya mwenendo, kama vile kuweka akiba au kukopa, yakiulizwa wiki ya boom yatapata majibu tofauti na yale ya wiki ambayo mifuko imekauka. Ripoti nyingi hutaja mwezi wa ukusanyaji data bila kusema boom lilitoka lini. Napendekeza tuwahoji wanafunzi walewale mara mbili, katika vipindi vyote viwili, na tarehe ya malipo iandikwe kwenye kila dodoso.