Ruwaza Ipi, kwa Badiliko Lipi? Mada kwa Watengenezaji wa Programu za Simu



Katika warsha za aina hii swali huwa ni lilelile: "Nitumie ruwaza ipi?" Huliuliza aliyemaliza kozi juzi, na huliuliza pia mtu ambaye programu yake imeshaenea kwenye simu za watu. Mada hii inadai kwamba swali hilo halijibiki mpaka litanguliwe na jingine: ni kitu gani katika programu hii kitabadilika, na ni nani atakayekibadilisha? Ruwaza ya usanifu ni namna ya kupanga msimbo ili badiliko fulani liguse mahali pamoja badala ya kumi. Asiyejua anangojea badiliko gani hana sababu ya kuchagua ruwaza yoyote, na akichagua atakuwa ameongeza idadi ya mafaili tu.

Mfano wetu ni programu ya kukata tiketi za basi kati ya Nairobi na Mombasa, ambayo abiria analipia kwa M-Pesa. Programu yenyewe nimeibuni kwa ajili ya semina. Matatizo yake sikuyabuni. Yeyote aliyewahi kupokea malipo ya simu ameyaona.

Ruwaza 23 na lugha zilizozaliwa nazo

Wazo la ruwaza lilitoka kwa wajenzi wa nyumba. Mwaka 1977 Christopher Alexander na wenzake walichapisha kitabu cha ruwaza 253 za ujenzi, kuanzia mpango wa miji hadi mahali pa kuweka dirisha. Miaka kumi baadaye, mwaka 1987, Kent Beck na Ward Cunningham wakalipeleka wazo hilo kwenye mkutano wa OOPSLA, wakiwa wamelijaribu kwa lugha ya Smalltalk. Ndipo mwaka 1994 kikatoka Design Patterns cha Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, chenye ruwaza 23: 5 za kuunda vitu, 7 za kuviunganisha na 11 za namna vinavyoshirikiana. Mifano yake imeandikwa kwa C++ na Smalltalk.

Hapo kwenye lugha ndipo penye jibu la swali la pili linaloulizwa sana: je, ni lazima nizijue zote 23? Mwaka 1996 Peter Norvig alizipitia moja moja na kuonyesha kwamba 16 kati yake hurahisika au hutoweka kabisa katika lugha zenye uhuru zaidi, kama Lisp na Dylan. Sehemu kubwa ya ruwaza, basi, ilikuwa ikiziba mapengo ya lugha za wakati wake. Chukua Stratejia, ruwaza ya kubadilishana kanuni za hesabu. Tuseme nauli yetu hupanda wakati wa sikukuu na hupungua kwa watoto. Kitabuni utaandika klasi ya msingi, kisha klasi moja kwa kila kanuni. Katika Kotlin utaandika funksheni mbili na kuipitisha ile unayoitaka. Java nayo iliruhusu hivyo tangu toleo la 8, mwaka 2014. Ruwaza ingalipo, ila imekonda hadi ikawa mstari mmoja, na anayeinenepesha tena kwa sababu aliisoma hivyo darasani anawatesa wenzake bure.

Malipo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo programu zetu za Afrika Mashariki zinapotofautiana na mifano ya vitabuni. Mfano wa kitabuni una kadi ya benki inayojibu papo hapo. Malipo ya simu hayajibu papo hapo.

Kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, mambo huenda hivi. Seva yako inatuma ombi la STK likiwa na namba ya simu na kiasi. Daraja inajibu mara moja, lakini jibu hilo lina maana moja tu, kwamba ombi limepokelewa. Ndani yake mna namba ya utambulisho iitwayo CheckoutRequestID. Kwenye simu ya abiria linatokea dirisha la kuomba namba ya siri. Atakapoiandika, au kuighairi, au kuiacha simu mezani na kwenda zake, ndipo matokeo yatatumwa kwenye anwani uliyoiandaa. Namba 0 ni mafanikio, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja ameghairi, 1037 ni simu ya mteja haikupatikana au hakujibu. Kati ya ombi na matokeo kuna muda ambao hakuna anayejua lolote, na muda huo ndio unaotengeneza kazi.

Mtengenezaji wa kwanza wa programu yetu alizisambaza namba hizo kila mahali. Skrini ya tiketi inauliza kama matokeo ni 1032. Ripoti ya mauzo inatafuta CheckoutRequestID. Hata jedwali la hifadhidata lina safu yenye jina hilo. Programu inafanya kazi vizuri, abiria wanasafiri. Kisha mwenye mabasi anataka Airtel Money, na miezi michache baadaye anafungua njia ya kwenda Arusha, ambako shilingi si ile na mitandao si ile. Sasa kila skrini inabidi ifunguliwe upya.

Ruwaza iliyokosekana ni Adapta. Programu inaandika mkataba wake yenyewe, kwa maneno ya biashara yake: omba malipo, uliza hali ya malipo, rudisha fedha. Kila mtandao unapewa klasi moja inayotimiza mkataba huo, na namba kama 1032 hazivuki mpaka wa klasi hiyo. Zikitoka nje zimeshageuzwa kuwa "mteja ameghairi". Kipimo chake ni rahisi: tafuta neno "CheckoutRequestID" katika mradi mzima. Likionekana nje ya faili la M-Pesa, adapta yako inavuja.

Mtu atauliza: kama nina mtandao mmoja tu, nihangaike na adapta ya nini? Kwa malipo nasema hangaika, maana badiliko haliko mikononi mwako. Mtoa huduma hubadilisha namba na masharti kwa wakati wake, si kwa wako. Kwa hifadhidata ya ndani ya simu ningesema kinyume. Nimeona miradi mingi yenye tabaka mbili za klasi zilizoandaliwa kwa ajili ya siku ambayo SQLite itaondolewa, na siku hiyo haiji.

Tatizo la pili ni hali ya malipo. Walio wengi huanza na vibendera vya ndiyo na hapana: amelipa, ameghairi, anasubiri. Vibendera vitatu hutoa michanganyiko 8, na mingi kati yake haina maana. Malipo yaliyolipwa na kughairiwa kwa pamoja ni kitu gani? Hakuna aliyekusudia yawepo, lakini msimbo unayaruhusu, na kinachoruhusiwa hutokea siku moja saa za jioni basi likiwa linajaa. Badala yake malipo yawe na hali moja kwa wakati mmoja: yanasubiri, yamethibitishwa, yamekataliwa, au hayajulikani. Katika Kotlin zinaandikwa kama klasi iliyofungwa, na ukizigawa kwa "when" inayorudisha thamani, kompaila itakataa ukisahau mojawapo. Huo ndio wepesi wa leo wa ruwaza ya Hali iliyomo katika kitabu cha 1994.

Hali ya nne ndiyo inayosahaulika. Mtandao ukikatika kabla ya matokeo kufika, msimbo wa haraka huandika "yamekataliwa" na abiria huambiwa ajaribu tena. Anajaribu, naye alikuwa ameshalipa. "Hayajulikani" ni jibu halali. Linaamuru kuuliza hali ya malipo kwa Daraja, kuuliza tena baada ya muda, na kumwambia abiria ukweli kwamba tunahakikisha. Hapohapo kuna mambo mawili ambayo hayamo katika ruwaza 23 lakini yana uzito kuliko nyingi kati yake. Kwanza, ujumbe wa matokeo unaweza kufika mara mbili, na abiria anaweza kubonyeza kitufe mara mbili. Kila ombi lipewe ufunguo wake, na hifadhidata yenyewe ikatae ufunguo uliokwisha kutumika. Pili, anwani yako ya kupokelea matokeo iko wazi kwenye intaneti. Ujumbe unaosema "0" hauthibitishi kitu kwa sababu tu umefika. Uliza upya kwa mtoa huduma kabla ya kutoa tiketi.

MVC, MVP, MVVM

Ubishi juu ya ipi kati ya hizi ni bora unakula muda wa vijana kuliko faida yake. MVC iliandikwa na Trygve Reenskaug, raia wa Norwei, alipokuwa Xerox PARC mwaka 1979, wakati ambapo kompyuta yenye madirisha na kipanya ilikuwa kitu cha maabara. MVVM ilielezwa na John Gossman wa Microsoft mwaka 2005. Zote zinatafuta kitu kimoja: kanuni za biashara zisikae ndani ya skrini.

Kwa Android sababu ni ya kimwili kabisa. Mtumiaji akigeuza simu kutoka wima kwenda ulalo, kwa kawaida mfumo huiua skrini na kuiumba upya. Kila ulichokiweka ndani yake kinakwenda nayo, pamoja na viti alivyokwisha kuchagua. Google ilitangaza ViewModel mwaka 2017 kwa sababu hiyo: kitu kinachobaki hai skrini inapoumbwa upya. Lakini hata hicho hakibaki mfumo unapoiua programu nzima kutafuta kumbukumbu, jambo la kila siku kwenye simu za bei nafuu ambazo abiria wetu wanazo. Tiketi iliyo katikati ya malipo iandikwe kwenye hifadhidata ya simu kabla ombi halijatumwa.

Ukiniuliza MVP au MVVM, nitakuuliza kama unaweza kukokotoa nauli ya mtu mzima na watoto wawili kuelekea Mombasa wiki ya Krismasi bila kuwasha simu wala emuleta. Ukiweza, herufi hizo ziite upendavyo.

Singletoni

Klasi inayoruhusu nakala moja tu ya kitu chake hupendwa kwa sababu hupatikana kila mahali bila kuombwa, na katika Kotlin inaandikwa kwa neno moja, "object". Erich Gamma mwenyewe, akihojiwa mwaka 2009, alisema angeiondoa kwenye orodha. Wengi husema "Singletoni ni mbaya" bila kutoa kisa, kwa hiyo nitoe kimoja. Kwenye ofisi ya basi simu moja hutumiwa na makarani wawili kwa zamu. Karani wa asubuhi anajiondoa, wa jioni anaingia. Kitu kiitwacho MtumiajiWaSasa kilisafishwa, lakini Singletoni ya mauzo ilikuwa imeshanakili jina la wa asubuhi ilipoumbwa, na haiumbwi mara ya pili. Tiketi zote za jioni zinahesabiwa kwa mtu aliyeko nyumbani. Kosa hili halionekani kwenye majaribio, kwani anayejaribu hutumia jina moja tu.

Dawa si kuipiga marufuku. Kitu kisicho na kumbukumbu ya mtu, kama kikokotoo cha tarehe, kinaweza kuwa kimoja bila madhara. Kinachobadilika mtu anapobadilika kipewe klasi inayokihitaji kupitia mlango wake wa kuundia, ili anayesoma aone kinatoka wapi na anayejaribu aweze kuweka kingine.

Kwa Obzava, ruwaza ya kujiandikisha kupokea taarifa, nitasema moja tu: aliyejiandikisha asipojiondoa, skrini iliyokufa inaendelea kushikiliwa na msikilizaji wake, na kumbukumbu inavuja. Java iliipa klasi yake ya zamani ya Observable alama ya kuachwa tangu toleo la 9. Tumieni Flow au LiveData, ambazo zikifungwa kwenye uhai wa skrini hujiondoa zenyewe.

Zoezi la mchana

Mtapewa mradi wa programu hii ukiwa bado na vibendera vyake vitatu. Abiria ameomba kiti namba 14. Malipo yake "hayajulikani" kwa dakika kumi, ambao ndio muda tuliouweka wa kushikilia kiti, kwa hiyo kiti kimeachiwa na kuuzwa kwa mwingine, aliyelipa na kuthibitishwa. Dakika ya ishirini matokeo ya yule wa kwanza yanafika: 0, fedha zimetoka kwenye simu yake.

Kabla ya kuandika msimbo, kila kundi liandike kwenye karatasi ni nani anayepaswa kuamua kinachofuata: kurudisha fedha, kumpa kiti kingine, au kumpandisha basi linalofuata. Uamuzi huo ni wa mwenye mabasi, na ataubadilisha msimu wa sikukuu. Kisha mnionyeshe faili moja ambalo litaguswa siku atakapoubadilisha. Kundi litakalonionyesha mawili lieleze la pili linafanya nini humo.